Chenso inavuja oili ya cheni usiku kucha: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Swali limetoka kwa msomaji wa Nyehunge, Buchosa. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina chenso ya kupasulia mbao, niliinunua ikiwa imetumika. Jioni nikijaza oili ya cheni na kuiweka stoo, asubuhi nakuta tanki limeshuka hadi nusu na sakafu imetapakaa. Fundi wa hapa kijijini alisema ni pampu. Nikanunua pampu mpya, akaifunga, bado inavuja vilevile. Kinachonishangaza, tukiwa kazini tanki likifika nusu cheni inakauka na bamba (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) linaanza kutoa moshi, wakati oili bado imo. Natumia oili chafu ya magari. Sasa fundi anataka tubadilishe tanki zima. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Tanki usinunue kwanza. Kwa maelezo yako, ninayemshuku ni mpira mdogo unaonyonya oili kutoka ndani ya tanki kuipeleka kwenye pampu. Ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo pampu uliyokwisha kuilipia. Nitakueleza kwa nini nauwaza mpira, halafu nikuonyeshe namna ya kuhakikisha kwa macho yako kabla hujatoa hela tena.

Umetaja mambo mawili ambayo fundi wako ameyapita. La kwanza, oili inashuka hadi nusu halafu inaacha kuvuja. Oili huvuja mpaka ifike usawa wa tundu inapotokea. Ikishuka chini ya hapo haina njia tena. Kwa hiyo tundu lako liko katikati ya kimo cha tanki. Lingekuwa chini kwenye sakafu ya tanki, asubuhi ungekuta limekauka kabisa. La pili, ukiwa kazini cheni inakauka tanki likifika hapo hapo nusu. Hilo si la bahati. Pale mpira unapopenya ukuta wa tanki kwenda kwenye pampu kuna shingo nene ya mpira inayobana kama kizibo. Shingo ikipasuka, oili ikiwa juu yake inatoka nje kupitia ufa. Oili ikiwa chini yake, pampu inanyonya hewa kupitia ufa ule ule, maana hewa ni nyepesi kuivuta kuliko oili nzito iliyoko chini. Tundu moja, magonjwa mawili. Pampu mpya haiwezi kutibu hata moja, kwa kuwa imefungwa mbele ya mpira uliochoka.

Sasa tuelewane jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaoniletea chenso "inayovuja" hapa Mwanza mashine zao ni nzima kabisa.

Oili ya cheni haizunguki na kurudi kama ile ya injini ya gari. Ikitoka imetoka. Inanyonywa na mpira wenye chujio mwishoni, inapita kwenye pampu, inatokea kwenye tundu dogo lililo usoni mwa mashine pale bamba linapolalia, inaingia kwenye tundu la bamba, na meno ya chini ya cheni yanaisomba ndani ya mfereji hadi puani na kurudi. Baada ya hapo inaishia kwenye vumbi la mbao. Kwa mashine iliyo sawa, tanki moja la petroli linakwenda na karibu tanki moja la oili, na petroli inapokwisha oili inatakiwa iwe imebaki kidogo. Ukiona petroli imeisha na oili bado imejaa, hapo ndipo pa kuogopa, maana bamba linaungua.

Ukizima mashine, oili iliyobaki kwenye mfereji wa bamba na kwenye cheni lazima ishuke. Doa la ukubwa wa kiganja chini ya bamba asubuhi ni jambo la kawaida, hasa kwetu huku ambako joto linaifanya oili kuwa nyepesi. Hilo doa hakuna fundi wa kulimaliza. Weka kava ya bamba, tia kipande cha boksi chini, endelea na maisha yako.

Kuna na hili la joto, ambalo limewafanya watu wengi wanunue pampu bure. Tanki la oili lina kivalvu kidogo cha kuingizia hewa, ili oili ikipungua hewa ichukue nafasi yake. Kwenye mashine nyingi kivalvu hicho kinaruhusu hewa kuingia tu, kutoka hairuhusiwi. Sasa umepasua mbao mchana kutwa, injini imechemka, umeiweka juani juu ya gogo. Hewa iliyo ndani ya tanki inatanuka, kama dumu la petroli linavyovimba ukilisahau juani. Inatafuta pa kutokea, na njia pekee iliyo wazi ni kuisukuma oili kupitia pampu hadi kwenye bamba. Pampu ya oili ni kipistoni kidogo tu kinachozungushwa na gia ya skrubu nyuma ya klachi. Haikutengenezwa kufunga kama koki, na ikisimama bado inapenyeza. Dawa yake haina gharama: ukimaliza kazi, iache mashine ipoe kivulini, fungua kifuniko cha oili taratibu, utasikia "psss", kisha funga tena. Kama uvujaji ukiisha kwa kufanya hivyo tu, huna ugonjwa.

Yako haiko hivyo, kwa sababu nusu tanki ni nyingi mno. Tuthibitishe.

Mwaga oili yote kwenye kopo. Chomoa kofia ya plagi, na hili nalisisitiza kila mara, maana mkono utakuwa karibu na cheni. Achia breki ya cheni, toa kava ya klachi, toa cheni, toa bamba. Kisha safisha upande wote wa klachi kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo. Ingia kwenye kila kona: chini ya pampu, kuzunguka bolti mbili zinazobana bamba, kwenye mshono unaounganisha nusu mbili za mashine, na chini ya tumbo. Uchafu huu mweusi wa oili na vumbi la mbao ndio unaowadanganya mafundi, kwa kuwa unakunywa oili kutoka sehemu moja na kuitoa sehemu nyingine kabisa. Kama unapasua paina za msitu wa Buhindi, utomvu wake unaugandisha uchafu huo hadi unahitaji kuukwangua kwa kijiti. Kwangua, usiache hata kidogo. Na kazi hii usiifanyie ufukweni wala juu ya mwamba wa ziwani. Mafuta hayo yanateremka moja kwa moja majini.

Ikikauka, nyunyizia poda ya mtoto upande huo wote. Unga wa muhogo pia unafaa, ila poda inashika vizuri zaidi kwenye chuma. Jaza oili hadi karibu na mdomo, funga kifuniko, simamisha mashine kwenye miguu yake juu ya boksi safi bila bamba, na uiache. Baada ya saa moja njoo na tochi. Poda palipopita oili inakuwa na mstari mweusi uliolowa. Usitazame tone lilipodondokea. Fuata mstari kwenda juu hadi unapoanzia. Tone hutembea na linaweza kuning'inia mbali kabisa na tundu lake.

Mstari ukianzia nyuma au chini ya pampu, mahali shingo ya mpira inapojitokeza, basi tumemshika. Ukianzia kwenye lile tundu la usoni linalopeleka oili kwenye bamba, oili inapenya kupitia pampu yenyewe, na hapo fikiria oili nyepesi au joto kabla ya kulaumu pampu. Ukianzia kwenye kifuniko, hilo nitalieleza mbele.

Kubadilisha mpira si kazi ngumu, ila kuna mahali watu huharibu mashine. Ili ufikie pampu lazima klachi itoke, na klachi ya chenso nyingi ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha upande ambao bolti nyingine zote zinakazwa. Mara nyingi kuna mshale juu yake unaoonyesha upande wa kufungua. Asiyejua anaikaza kwa spana na nyundo mpaka shafti inaumia. Na ili shafti isizunguke, usiingize bisibisi kwenye tundu la plagi. Toa plagi, vuta kamba ya kuwashia polepole hadi pistoni ianze kupanda, ingiza kamba safi ya manila iliyokunjwa mara mbili kupitia tundu la plagi, ukiacha mkia mrefu nje, kisha zungusha hadi pistoni ibane kamba. Kamba inabana bila kukwaruza. Bisibisi inatoboa pistoni, na hapo ugomvi wa oili unageuka kuwa ugomvi wa injini.

Klachi ikitoka, vuta dramu na beringi yake, kisha gia ya skrubu. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa ule waya mdogo wa gia unavyokaa. Fungua skrubu za pampu, ivute. Sasa utaona kichwa cha mpira kimekaa kwenye tundu lake. King'oe kwa koleo yenye mdomo mwembamba, na kwa upande wa tanki, pitisha waya uliopindwa mdomoni mwa tanki uuvute mpira wote nje pamoja na chujio lake.

Ushike shingo yake kwenye mwanga na uikunje kwa vidole viwili. Mpira mzima unakunjika na kurudi. Uliochoka utaona ufa mwembamba unafunguka kwenye mzingo wa shingo, pale ukuta wa tanki ulipokuwa unaubana, na mara nyingi unaacha weusi unaonata kwenye vidole. Weusi huo ni mpira unaoyeyuka. Oili chafu uliyokuwa unatumia mara nyingi ina masalia ya petroli ndani yake, na petroli kwa mpira wa namna hii ni sumu ya polepole. Ukiona mpira umelainika na kuvimba hivyo, usishangae.

Nenda dukani na mpira wa zamani mkononi. Mjini Mwanza maduka ya spea za mashine watakutolea aina tatu nne zinazofanana, linganisha unene wa shingo na urefu, usikubali "hii nayo inaingia." Na usidanganyike na bomba la plastiki la kupitisha petroli ya pikipiki likizungushiwa silikoni. Shingo inaziba kwa umbo lake ilivyofinyangwa, silikoni haiwezi kuiga. Zaidi ya hapo, silikoni iliyozidi huchanika vipande vidogo vinavyoingia kwenye njia ya pampu, na sasa una cheni kavu juu ya uvujaji. Kama fundi wako aliweka silikoni alipofunga pampu mpya, itoe yote kabla ya kurudisha.

Mpira mpya upake oili, uingize kutokea upande wa tanki au wa pampu kadiri mashine yako ilivyo, hakikisha shingo imekaa sawasawa pande zote na haijajikunja. Chujio lioshe au weka jipya. Skrubu za pampu ni ndogo na zinaingia kwenye chuma laini. Kaza kwa bisibisi ya mkono, ikishika iache. Ukizidisha, nyuzi zinang'oka, pampu inakaa upande, na hapo utakuwa umejitengenezea uvujaji mwingine wa kudumu. Ukirudisha dramu, izungushe kwa mkono hadi uhisi waya wa gia umeingia kwenye kijitundu chake. Usipoingia, pampu haitazunguka kabisa na utasema spea ni feki.

Kabla ya kukata chochote, funga bamba na cheni, washa, elekeza pua ya bamba kwenye boksi au kisiki cheupe, umbali wa kama shibiri moja, bila kugusa, na uipe mafuta ya wastani. Mstari mwembamba wa oili unatakiwa uanze kujichora. Kisha fanya jaribio lile lile tanki likiwa nusu. Ukiona mstari kwenye nusu tanki, ujue ufa umekwisha.

Tukirudi kwenye mengine niliyoahidi. Kifuniko: toa pete yake ya mpira, ile oringi, angalia kama imebapa, imekatika au ina vumbi la mbao chini yake. Oringi ya bomba la maji usiiweke, inavimba kwenye oili. Omba ya mafuta. Vile vifuniko vya kuinua kisikio na kuzungusha kwa mkono vina sehemu mbili, ya juu na ya chini, na zikipishana kifuniko kinaonekana kimefunga wakati kimekaa tu. Izungushe sehemu ya chini hadi zilingane, kisha jaribu tena.

Kivalvu cha hewa kikipasuka, mashine ikilazwa ubavu kwenye pikipiki oili inatokea hapo. Kinabadilishwa, hakitengenezwi. Nimewahi kufungua mashine ambayo mtu alikiziba kwa njiti ya kiberiti ili "isivuje". Kweli haikuvuja. Tanki lilikosa hewa, oili ikagoma kutoka, na bamba likageuka rangi ya bluu.

Halafu kuna uvujaji unaotokea mashine ikiwa inafanya kazi tu, oili inamwagika chini ya kava ya klachi huku cheni ni kavu. Huo si wa tanki wala mpira. Tundu la bamba limeziba, kwa hiyo oili iliyosukumwa na pampu inakosa mlango na inamwagikia pembeni. Kwangua mfereji wa bamba kwa kipande cha bleidi ya hakso, pitisha waya mwembamba kwenye matundu yote mawili ya oili, na ugeuze bamba juu chini kila unaponoa cheni kwa kina, ili lilike sawa pande zote. Ukibadilisha bamba refu kuweka fupi, punguza pia skrubu ya kurekebisha oili chini ya mashine. Wengi wanaiacha ilivyokuwa kwa bamba la kupasulia, kisha wanasema inavuja.

Na jambo moja la kunusa. Hakikisha kinachodondoka ni oili ya cheni. Matanki mawili yako jirani, na petroli yenye oili ya 2T ikivuja inakauka na kuacha utando wenye mafuta. Ukiona doa lina rangi ya oili yako ya 2T, nyekundu au kijani, na linanuka petroli, usiwashe mashine hiyo mpaka uone inatoka wapi.

Ishara ambayo ningekushauri usiifanyie majaribio nyumbani ni hii: oili ya cheni inapungua bila doa lolote chini, na mashine inatoa moshi mwingi, au sailensa (mzunguko wa injini ikiwa haifanyi kazi) inapanda yenyewe na haishuki ukiachia triga. Hapo sili ya shafti upande wa klachi imechoka. Injini inaweza kuvuta oili kutoka upande wa pampu, na vibaya zaidi inavuta hewa, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi na pistoni inakwaruzika. Zima, peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kupima presha na uvutaji wa injini.

Sasa oili chafu. Najua kwa nini mnaitumia: inapatikana gereji yoyote kwa bei ya maji. Lakini ile ni nyepesi, ina masizi na vumbi la chuma lililotoka kwenye injini ya gari, na vumbi hilo linapita kwenye pampu yako mpya linaisugua kila mzunguko. Watengenezaji wakubwa wa chenso wanaikataza wazi kwenye vitabu vyao. Na cheni inairusha: inakurukia mikononi, shingoni, kwenye nguo unazorudi nazo nyumbani. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka zinahusishwa na saratani ya ngozi. Wateja wako nao wana haki ya kulalamika. Ubao wa mtumbwi uliolowa oili haushiki rangi vizuri, na kuni za milingoti zilizorushiwa oili ya gereji sizipendi kabisa chini ya sangara anayebanikwa.

Kama oili maalumu ya cheni haipatikani au bei inakushinda, tumia oili mpya ya injini ya SAE 30 au 40. Kwa joto letu, 40 inafaa. Pampu ikiwa imechakaa kidogo na inapenyeza sana, wengine wanaweka oili ya gia ya 90. Usiogope namba hiyo. Vipimo vya oili ya gia na vya oili ya injini havilingani, na 90 ya gia kwa uzito iko karibu na 40 au 50 ya injini. Ila inanuka. Tofauti ya oili maalumu utaiona ukiichovya kwa kidole gumba na cha shahada kisha ukavitenganisha polepole: inavutika uzi. Uzi huo ndio unaoifanya ing'ang'anie cheni puani badala ya kurushwa, na kwa sababu hiyo hiyo haichuruziki ovyo usiku. Mafuta ya alizeti yanalainisha vizuri na hayadhuru maji kama oili chafu, kwa hiyo kwa anayechonga mitumbwi pembeni kabisa mwa ziwa nayapendekeza, kwa sharti moja: usiyaache kwenye mashine wiki kadhaa bila kuitumia. Yanaganda, yananata, pampu inakwama. Ukienda likizo, yamwage na upitishe oili nyepesi.

Kabla ya kuweka oili mpya, suuza tanki. Tia mafuta ya taa robo tanki, tikisa, mwaga kwenye kopo, rudia mpaka yatoke safi. Ukiona vipande vyeusi vya mpira vinatoka, huo ni mpira wako wa zamani, na ni sababu nyingine ya kuangalia chujio.

Limebaki tanki ambalo fundi wako analitaka. Linastahili kubadilishwa pale tu poda itakapoonyesha mstari unaoanzia katikati ya ukuta wa tanki, mahali pasipo na kifuniko, mpira, wala mshono. Hata hapo kuna hatua kabla ya kununua. Mashine nyingi za kupasulia mbao zina mwili wa magnesiamu. Ufa mdogo kwenye magnesiamu unazibika kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili: mwaga oili, kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae, safisha kwa petroli mara mbili, acha ikauke kabisa, paka, na uipe siku nzima bila kuigusa. Tanki la plastiki gundi hailishiki kwa muda mrefu, hilo badilisha. Lakini kwa vyovyote usikubali mtu aupeleke mwili wa mashine kwa mchomeleaji wa mtaani. Magnesiamu ikishika moto inawaka kwa mwanga mkali sana, na ukiimwagia maji inazidi.

Ukija mjini kutafuta mpira, usije na mashine imelazwa ubavu kwenye pikipiki hadi daraja la Kigongo–Busisi. Mwaga oili yote, isimamishe kwenye miguu yake, kava ya bamba ikiwa imefungwa. Na ukishaufunga, rudia jaribio la poda usiku mmoja. Mstari ukionekana tena, nipigie picha ya upande wa klachi kava ikiwa imetolewa, uniambie tanki limeishia usawa gani asubuhi.